Katheta Ikiingia Vimelea: Kumtibu Mtoto Mwenye Utumbo Mfupi Bila Kumpotezea Mshipa

Mishipa mikubwa inayotumika kwa kawaida kuweka katheta ya muda mrefu (bomba jembamba linaloachwa ndani ya mshipa) ni sita tu: miwili ya shingoni, miwili iliyopita chini ya mitulinga na miwili ya kinenani. Mtoto ambaye utumbo wake ulijisokota, au ulioza siku chache baada ya kuzaliwa kabla ya wakati, au ambaye alizaliwa utumbo ukiwa nje ya tumbo, akabaki na utumbo mfupi, anaweza kuitegemea mishipa hiyo kwa miaka, maana sehemu kubwa ya chakula chake inapita humo. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Stanley Dudrick na wenzake wa Philadelphia walionyesha kwamba mtoto mchanga anaweza kukua kwa lishe ya mshipani, na tangu hapo watoto wa namna hii wameishi. Kinachowarudisha wodini mara kwa mara ni maambukizi ya katheta.

Mwongozo huu ni wa wauguzi na madaktari wanaowapokea watoto hawa, na wa wazazi wanaowaunganishia lishe nyumbani, iwe Toronto, London au Minneapolis. Dozi zilizotajwa ni za mtoto aliyevuka umri wa uchanga mwenye figo nzima. Kichanga na mwenye figo dhaifu wapimiwe kwa jedwali lao, na dozi zote zithibitishwe na mfamasia wa kituo.

Kanuni tunayoifuata ni hii: saa ya kwanza ni ya mtoto. Kuanzia saa ya pili, kila uamuzi uuangalie na mshipa. Wanaougeuza mpangilio huu hukosea kwa namna mbili. Wapo wanaochelewesha dawa huku wakimtafuta mtaalamu wa katheta, na wapo wanaoing'oa usiku uleule katheta ambayo ingesafishika.

Vimelea vinaingilia wapi

Mlango wa kwanza ni kitovu cha katheta, pale bomba la lishe linapounganishwa. Kila mkono unaokigusa huacha kitu: stafilokokasi wa ngozi, vimelea vya kinyesi kutoka kwenye nepi, maji ya mfuko wa stoma (tundu la utumbo lililofunguliwa kwenye ngozi ya tumbo). Vikishaingia hujijengea utando mwembamba kwenye ukuta wa ndani wa katheta, na ndani ya utando huo dawa iliyomo kwenye damu haivifikii ipasavyo. Ndiyo maana homa inaweza kushuka kwa siku kumi, kisha ikarudi siku mbili baada ya dawa kusimamishwa, kwa kimelea kilekile.

Mlango wa pili ni utumbo wenyewe. Utumbo mfupi uliotanuka na unaosukuma chakula polepole hufuga bakteria wengi kupita kiasi, na ukuta wake ukiumia huwavujisha kuingia kwenye damu. Mtoto anayepata Klebsiela au E. koli, bakteria wa utumbo, mara tatu kwa mwaka, ilhali mama yake ni mwangalifu kuliko wauguzi wengi, hana tatizo la mikono. Mpelekeni kwa timu ya utumbo iangalie bakteria waliozidi, sehemu iliyoziba, au utumbo unaohitaji kupunguzwa upana kwa upasuaji. Kumlaumu mzazi katika hali hiyo ni kumwonea, tena kunauacha ugonjwa palepale.

Jambo moja huwapoteza wengi: katika maambukizi ya damu, ngozi inapotokea katheta mara nyingi ni safi kabisa. Kutoona wekundu wala usaha hakumaanishi katheta ni salama.

Nyumbani: dakika za mwanzo

Joto la 38.0 au zaidi kwa mtoto mwenye katheta hii ni safari ya hospitali, mchana au usiku, hata kama anacheza. Usimpe dawa ya homa kisha ukasubiri uone. Parasetamoli inashusha namba kwenye kipimajoto, haigusi vimelea. Ibuprofeni iepukwe, kwa kuwa mtoto huyu hupungukiwa maji upesi na huenda saa moja baadaye akapewa dawa zinazoelemea figo.

Homa si dalili pekee. Kuwa mwangalifu zaidi na mtoto anayetetemeka kwa baridi ndani ya saa moja baada ya kuunganishiwa lishe au kusafishwa katheta. Hapo ni kana kwamba umesukuma vimelea moja kwa moja hadi kwenye moyo. Dalili nyingine ni kulegea kusiko kwa kawaida, kutapika, tumbo kujaa, stoma kumwaga zaidi au kukauka ghafla, na sukari kupanda bila lishe kubadilishwa. Kwa kichanga, joto chini ya 36 linatisha sawa na homa.

Mtetemo ukianza lishe ikiwa inaingia, simamisha pampu, bana katheta kwa klampu, tenganisha bomba na ufunge kitovu kwa kifuniko kipya. Usisukume maji ya chumvi. Mfuko na bomba lake viweke kwenye plastiki safi uende navyo, maabara inaweza kuvihitaji. Kwa kuwa lishe imekatwa ghafla, pima sukari kama una kipimo, na umweleze mpokezi wa kwanza hospitali kwamba mtoto alikuwa kwenye lishe na imesimamishwa saa ngapi.

Hospitali: saa ya kwanza

Lengo ni dawa ya bakteria iwe ndani ya mtoto kabla dakika 60 hazijapita tangu afike. Tuchukue mfano wa mtoto wa kilo 9, mwenye katheta ya silikoni yenye njia moja, joto 39.1, mapigo ya moyo 170.

1. Pima mapigo, pumzi, presha, oksijeni, na muda wa rangi kurudi kidoleni baada ya kubonyeza. Zaidi ya sekunde 3 ni onyo. Pima sukari papo hapo. Ikiwa chini ya 3 mmol/l (54 mg/dl), mpe dekstrosi (maji ya sukari) ya 10% mililita 2 kwa kilo, yaani mililita 18, kisha rudia kipimo baada ya dakika 15.

2. Chukua damu ya kuotesha kutoka kila njia ya katheta, na nyingine kwenye mshipa wa mkono. Namna ya kuichukua imeelezwa hapa chini.

3. Chukua vipimo vingine kwa mkupuo huohuo: picha kamili ya damu, chumvi na figo, ini, CRP (protini inayopanda mwili unapopambana na maambukizi), gesi ya damu na laktati (asidi inayopanda mzunguko wa damu ukidhoofu). Ongeza mkojo. Mtoto aliyetoka likizo Mombasa au Dar es Salaam apimwe malaria pia, lakini malaria ikionekana isifute kuotesha damu wala dawa ya bakteria. Yote mawili yanaweza kuwepo.

4. Anza dawa bila kusubiri jibu lolote.

5. Simamisha lishe na mafuta yake, weka dekstrosi ya 10% iliyochanganywa na chumvi kwa kasi ya kawaida ya mwili wake, kwa mtoto wetu mililita 36 kwa saa. Kasi hiyo inampa glukosi takriban miligramu 6.7 kwa kilo kwa dakika, inayotosha kuzuia sukari kuanguka. Pima tena dakika ya 30 na ya 60.

Kuhusu maji ya bolasi, yaani yanayosukumwa kwa mkupuo, fuata uwezo wa mahali ulipo. Penye chumba cha wagonjwa mahututi, mtoto mwenye dalili za shoki (mzunguko wa damu kushindwa) hupewa mililita 10 hadi 20 kwa kilo kwa awamu (90 hadi 180 kwa mtoto wetu), ukimpima upya kila baada ya awamu, na dawa ya kupandisha presha ianze mapema. Utafiti wa FEAST uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa 2011 ulionyesha kuwa bolasi ziliongeza vifo kwa watoto wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu, mahali pasipo huduma hiyo. Tofauti ya mtoto wetu ni kwamba anapoteza maji kwa stoma au kuharisha. Aliyekauka arudishiwe anachopoteza, lakini kwa kumtazama: ini likishuka chini ya mbavu au pumzi zikianza kuvuma, acha.

Kama yuko kwenye shoki na una njia nyingine ya mshipa, bolasi ya kwanza ipite huko. Kusukuma maji kwa nguvu kwenye katheta iliyojaa vimelea kunaweza kumwangusha mbele ya macho yako. Asipopatikana mshipa, tumia sindano ya mfupani. Mkiikosa hiyo pia, tumieni katheta hiyohiyo, polepole, maana kukosa dawa ni hatari kubwa zaidi.

Damu ya kuotesha, kwa mikono miwili

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo twende taratibu. Nawa mikono kwa sabuni sekunde 40 hadi 60, ikauke, vaa glovu. Tandaza kitambaa safi chini ya katheta. Klampu ikiwa imefungwa, ondoa kiunganishi kilichopo na ukitupe. Kina vimelea vyake vilivyokaa siku kadhaa, na ukichukua damu kupitia humo unaweza kuotesha uchafu wa plastiki. Sugua kitovu kwa klorheksidini ya 2% ndani ya alkoholi ya 70%, sekunde 15 kamili, kwa kuzungusha kama anayekamua chungwa, uso wa juu na nyuzi za pembeni. Kisha subiri ikauke yenyewe. Usipulize kwa mdomo, usipepee kwa karatasi. Kinachoua vimelea ni kile kipindi cha kukauka.

Funga kiunganishi kipya, ambatisha bomba la sindano, vuta. Kama ndani mna dawa ya kufungia, ivute uitupe kwanza. Kama hamna, ile damu ya kwanza kabisa usiimwage. Ndiyo iliyolala kando ya utando na ndiyo yenye jibu, iende kwenye chupa. Mtoto wa kilo 9 anaweza kutoa mililita 3 kwa katheta na 3 kwa mkono. Ujazo ulingane pande zote mbili, la sivyo ulinganisho wa muda hautakuwa na maana.

Andika kwenye kila chupa imetoka wapi na saa ngapi, na zipelekwe maabara pamoja. Ikiwa chupa ya katheta itaota angalau dakika 120 kabla ya ile ya mkono, chanzo ni katheta. Zikiota sawasawa, au ya mkono ikitangulia, tafuta chanzo kingine: mkojo, mapafu, tumbo. Mwambie mhudumu wa maabara kwamba mtoto anapata mafuta mshipani. Kuna kuvu aitwaye Malasezia anayestawi kwenye mafuta, na haoti vizuri mpaka aongezewe mafuta kwenye chombo cha kuoteshea. Asipoambiwa hawezi kumtafuta.

Dawa za kuanzia

Kabla ya kuandika dawa, fungua faili uone alichoota miezi sita iliyopita. Hiyo ndiyo karatasi muhimu kuliko zote mezani. Bila historia, unahitaji dawa mbili: moja ya stafilokokasi na enterokokasi, nyingine ya bakteria wa utumbo.

Vankomaisini miligramu 15 kwa kilo kila saa 6. Mtoto wetu apate miligramu 135. Ikichanganywa hadi 5 mg kwa mililita ni mililita 27, iingie kwa saa nzima. Ikikimbizwa, uso na shingo huwa vyekundu na mtoto hujikuna. Hiyo ni kasi, kwa kawaida si mzio. Isimamishe, kisha uirudishe ikiingia taratibu kwa muda wa saa mbili, na usiandike kwenye faili "ana mzio wa vankomaisini", maneno yatakayomnyima dawa hiyo miaka ijayo. Ila akivimba midomo, akikoroma kifuani au presha ikishuka, huo mtendee kama mzio wa kweli.

Kwa bakteria wa utumbo, sefepimu miligramu 50 kwa kilo kila saa 8, au piperasilini-tazobaktamu kwa kipimo cha piperasilini miligramu 100 kwa kilo kila saa 8. Piperasilini-tazobaktamu ikiambatana na vankomaisini huumiza figo mara nyingi zaidi, na kwa mtoto wa utumbo mfupi aliyekauka maji tunapendelea sefepimu. Aliyewahi kuota bakteria sugu kwa sefalosporini, au aliye kwenye shoki, apewe meropenemu miligramu 20 kwa kilo kila saa 8, kwake 180.

Anza na ile ya bakteria wa utumbo, kwa sababu sefepimu na meropenemu zinaweza kusukumwa kwa dakika 5, kisha vankomaisini ifuate kwa saa yake. Wakifanya kinyume, mtoto mwenye Klebsiela husubiri saa nzima bila dawa ya ugonjwa wake.

Penye seftriaksoni pekee, kumbuka kwamba inagandiana na kalsiamu iliyomo kwenye lishe. Kichanga wa chini ya siku 28 anayepata kalsiamu mshipani asipewe kabisa. Mkubwa wake asipewe kwa pamoja na lishe, na katheta isafishwe kwa maji ya chumvi kabla na baada.

Dawa zipite kwenye katheta inayotuhumiwa mara mtoto atulie, kwa kuwa ndimo ugonjwa ulimo. Yenye njia mbili, zamu kwa zamu. Njia iliyosahaulika ndiyo itakayorudisha homa.

Siku ya pili na ya tatu

Otesha damu kila siku mpaka zipatikane siku mbili mfululizo zisizoota kitu. Siku za dawa huhesabiwa kuanzia damu ya kwanza iliyo safi. Ukihesabu tangu dozi ya kwanza unaweza kumnyima mtoto siku tatu au nne bila kujua.

Saa 48 zikipita hakuna kilichoota na mtoto ni mzima, simamisha dawa. Chupa nyingi zenye bakteria wa kweli kwa watoto huonyesha ndani ya saa 36. Kuendelea "kwa usalama" kunafuga usugu na kumwalika kuvu. Ikiota stafilokokasi wa ngozi chupa moja tu, baada ya zaidi ya saa 24, na mtoto anacheza, huenda ni uchafu wa ngozi. Otesha tena kabla ya kuamua, na vankomaisini iendelee mpaka jibu la pili lifike.

Hapa kuna mtego unaowahusu watoto wa utumbo mfupi hasa. Mtoto anayeyumba kama mlevi, anayeongea kwa kukokota maneno, mwenye tindikali nyingi kwenye damu lakini bila homa na laktati ya kawaida ikisoma sawa, huenda hana maambukizi ya damu. Bakteria wa utumbo wake wanachachusha wanga na kutengeneza laktati ya aina ya D, ambayo kipimo cha kawaida hakiioni. Otesha damu hata hivyo, lakini punguza wanga wa mdomoni na uite timu ya utumbo.

Kuing'oa au kuiacha

Ing'oe bila mjadala kama mtoto yuko kwenye shoki isiyotulia, kama ngozi juu ya njia ya katheta ni nyekundu na inauma zaidi ya sentimita 2 kutoka tundu inapotokea, kama kuna bonge la damu lililooza au maambukizi ya vali ya moyo, kama kimeota kuvu wa Kandida au stafilokokasi oreasi, au kama damu bado inaota baada ya saa 72 za dawa sahihi. Sudomonasi pia ni mgumu kusafisha, na wengi huiondoa.

Stafilokokasi wa ngozi, enterokokasi na wengi wa bakteria wa utumbo mtoto akiwa ametulia: jaribu kuiokoa katheta. Kwa mgonjwa mwingine, mwenye katheta ya wiki mbili tu, kuing'oa ni rahisi. Kwa huyu, kila kung'oa kunahatarisha mmoja kati ya ile mishipa sita. Katika vigezo vilivyorekebishwa 2019, mtoto aliyeziba mishipa mitatu kati ya minne ya juu anafikiriwa kwa upandikizaji wa utumbo. Uamuzi wa daktari wa zamu saa nane za usiku unaweza kumsogeza mtoto huko, kwa hiyo mpigie simu kiongozi wa timu ya utumbo hata kama ni usiku, ila dawa ziwe tayari zinaingia.

Kuhusu Kandida tusidanganyane. Kumbakiza na katheta kwa huruma ya mshipa ni kumhatarisha. Ondoa, mpe kaspofungini, mikafungini au amfoterisini B mpaka aina ya kuvu ijulikane, na dawa iendelee siku 14 baada ya damu ya kwanza safi. Moyo upigwe ultrasaundi, macho yaangaliwe na mtaalamu.

Muda wa dawa kwa wengine: stafilokokasi wa ngozi siku 10 hadi 14 katheta ikibaki, 5 hadi 7 ikiondolewa. Bakteria wa utumbo na enterokokasi, 7 hadi 14. Stafilokokasi oreasi angalau 14 baada ya kuiondoa, wiki 4 hadi 6 kama ugonjwa umefika kwenye moyo, mfupa au bonge la damu. Homa ikigoma siku ya tatu, mishipa ipigwe dopla (ultrasaundi ya mtiririko wa damu) kabla ya kubadilisha dawa. Mara nyingi kuna bonge.

Kuloweka katheta kwa dawa

Ukiamua kuiokoa, dawa ya kwenye damu peke yake haitoshi kwa ajili ya ule utando. Unajaza katheta kwa dawa kali na kuiacha humo, tuite loki. Vankomaisini ya loki ni 5 mg kwa mililita: chupa ya miligramu 500 iyeyushe kwa mililita 10 za maji safi ya sindano, vuta mililita 1, ongeza 9 za maji ya chumvi. Kwa bakteria wa utumbo hutumika amikasini au jentamaisini, takriban 2 mg kwa mililita.

Ujazo ni ule wa ndani ya katheta, pamoja na kirefusho kama kipo. Umeandikwa kwenye pakiti, na ukikata au kutengeneza katheta unabadilika, basi uandike upya kwenye faili. Ukizidisha, ziada inaingia kwenye damu. Ukipunguza, ncha ya ndani hubaki bila dawa na utando hubaki hapo. Loki ikae saa 8 hadi 12 kila siku, wakati lishe imesimama, kwa muda wote wa matibabu. Kisha ivute uitupe kabla ya kutumia katheta. Ndiyo maana mtoto ambaye lishe yake inakwenda saa 24 huokolewa kwa shida. Pangeni lishe iingie kwa saa 12 hadi 16 mara atakapoweza kuhimili, mkipima sukari pampu inapozimwa.

Ikibidi iondoke

Iondolewe, mtoto apumzike bila katheta saa 48 akiwa na damu safi, kisha mpya iwekwe. Katika mapumziko hayo mshipa mdogo wa mkono unaweza kubeba lishe nyepesi, isiyozidi 900 mOsm kwa lita (kipimo cha ukolezi), ukitazama tundu kila saa, kwa sababu ikivuja chini ya ngozi hula nyama. Mtoto aliyebakiwa na mshipa mmoja abadilishiwe katheta kupitia waya kwenye tundu lilelile baada ya damu kusafika, kama njia ya chini ya ngozi haina usaha. Kabla ya kuweka mpya popote, pigeni picha ya mishipa mjue upi uko wazi. Ncha ikae pale mshipa mkuu wa juu unapoingia kwenye moyo, ithibitishwe kwa eksirei.

Kuzuia inayofuata

Kwa mtoto aliyepata maambukizi, loki ya kuzuia ndiyo hatua yenye nguvu zaidi baada ya mikono safi. Taurolidini, iliyo kwenye miongozo ya Ulaya ya lishe ya watoto tangu 2018, huachwa ndani kila lishe inapokatwa. Si antibiotiki, hivyo haichochei usugu kama antibiotiki. Ikisukumwa haraka mtoto analalamika kuchomachoma au ladha ya chuma, kwa hiyo ivutwe au isukumwe taratibu. Ethanoli ya 70% hufanya kazi pia, ikikaa angalau saa 2 hadi 4, lakini kwa katheta ya silikoni tu. Ya poliyurethani hulainika na kupasuka. Ethanoli isikutane na heparini. Hugandiana na kuziba, na katheta iliyokuwa nzima leo asubuhi haivuti damu jioni. Safisha kwa maji ya chumvi katikati, kila mara.

Bandeji ya uwazi ibadilishwe kila siku 7, ya shashi kila siku 2, na papo hapo ikilowa au kubanduka. Bomba la lishe jipya kila saa 24. Katheta ipite juu ya bega au kifuani ikiwa imekunjwa na kubandikwa, kamwe isining'inie kuelekea nepi. Mtoto anayeota meno huitafuna, basi fulana ivaliwe juu yake. Mfuko wa stoma umwagwe kabla ya kuanza kazi ya katheta, siyo katikati, na anayemwaga asiwe anayeunganisha. Katheta ikikatika, bana kati ya mkato na mtoto, funika kwa shashi safi, njoo hospitali: mkato ni mlango ulio wazi.

Punguzeni pia mara za kuifungua. Vipimo vya wiki vichukuliwe mara moja, wakati lishe inapotenganishwa, badala ya siku nne tofauti. Kila mililita ya chakula cha mdomoni anayoihimili ni hatua ya kuelekea siku atakayohitaji pampu kwa usiku chache tu.

Hesabu ya maambukizi iwekwe kwa siku za katheta: maambukizi mara 1,000, gawanya kwa siku. Mtoto aliyepata 2 ndani ya siku 182 ana 11 kwa kila siku 1,000. Kipimo hicho kinaonyesha kama loki mpya inasaidia, jambo ambalo kumbukumbu ya mtu haiwezi.

Mwisho, karatasi ya kukaa ndani ya mfuko wa mtoto, ikisasishwa kila anapotoka wodini: uzito wa sasa, aina na ujazo wa katheta, tarehe ilipowekwa, mishipa iliyoziba na iliyo wazi, vimelea vya mwisho na dawa zilizoviua, mzio wa kweli, fomula ya lishe na saa zake, na dawa mbili za kuanza ndani ya dakika 60 pamoja na dozi zake kwa miligramu. Mwishoni mwake namba ya simu ya timu, inayopokelewa usiku.